Tukikosa Sprusi: Hotuba kwa Mafundi Wanaojijengea Ndege za Mbao

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi mjini Tanga, mbele ya mafundi seremala, wanafunzi wa ufundi na vijana wachache ambao tayari wameanza kujijengea ndege ndogo za mbao. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo nyote.

Wazee wangu mliokaa mbele, mafundi wenzangu, na ninyi vijana wa chuo mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mbao za kujengea ndege pale ambapo sprusi, ule mti wa ng'ambo uliozoeleka kwa ndege za mbao, haipatikani, na nimepewa saa moja. Nitajitahidi nisiizidishe, ingawa mnanijua.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi huko Pangani. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alikuja nahodha mmoja aliyevunjikiwa foromali, yaani mti unaoshikilia tanga. Alikuja na mti wake mwenyewe, mvinje uliokatwa juzi, mnene, umebebwa na vijana wanne. Alitaka achongewe huo huo. Mzee akamwonyesha mvinje mwingine uliokuwa umelala mwaka mzima chini ya banda la makuti, mwembamba kuliko ule. Nahodha akacheka, akasema, "Huu mvinje na huo mvinje, kwa nini ninunue wako?" Mzee hakubishana naye. Alimwambia ashike ncha ya huu anyanyue, kisha ashike ncha ya ule anyanyue. Wa kwanza aliunyanyua kwa mkono mmoja, na wa pili ulimtaka mikono miwili na goti. Mzee akamwuliza, "Huo utaupandisha mlingotini mara ngapi kwa siku? Na ukishafika juu, chombo kitalalia upande gani?"

Nahodha alinunua mvinje wa bandani. Mti ulikuwa mmoja na jina lilikuwa moja, lakini vigogo vilikuwa viwili tofauti kabisa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Fundi, sprusi haipatikani, nitumie mti gani badala yake?" Likiulizwa hivyo, swali hilo halina jibu. Kwa nini nasema halina jibu? Kwa sababu mti haupandi angani. Kinachopanda angani ni ubao fulani, uliotoka sehemu fulani ya shina fulani, ukakaushwa kwa namna fulani, na fundi aliyeuchagua ndiye atakayeukalia.

Hebu kwanza tujiulize sprusi ina nini. Sprusi ya Sitka huota kwenye ukanda wa pwani ya Pasifiki, kuanzia Alaska hadi kaskazini mwa California, mahali pa mvua na ukungu, ambako mti hurefuka huku shina lake likibaki limenyooka na bila matawi kwa mita nyingi kutoka chini. Ndiyo maana fundi wa kule hupata ubao mrefu usio na fundo hata moja. Ukiwa umekauka vizuri, ubao huo una uzito wa kilo 430 hivi kwa mita moja ya ujazo. Nguvu yake ya kupindwa hadi kuvunjika ni kama megapaskali 70, na ukakamavu wake, yaani jinsi ubao unavyokataa kupinda, ni kama gigapaskali 10.8; megapaskali na gigapaskali ni vipimo vya mkazo tu. Naomba mzikumbuke namba hizo tatu, kwa sababu nitazirudia.

Je, sprusi ni mti wenye nguvu kuliko miti yote? Hapana. Mvule wetu una nguvu zaidi ya kuvunjika, megapaskali 85 hivi. Lakini mvule una kilo 640 hivi kwa mita ya ujazo, na ukakamavu wake hauizidi sprusi, tena uko chini kidogo. Kwa hiyo ukijenga mhimili wa bawa, yaani boriti ndefu inayolibeba bawa, kwa mvule kwa vipimo vile vile, utabeba uzito wa karibu mara moja na nusu, na bawa litapinda kama kawaida au zaidi. Mvule ni mti wa heshima kwa milango na mashua. Bawani unageuka mzigo.

Watu wa kule nao hawakuanza leo kuikosa sprusi. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lake lilianzisha kitengo maalumu cha kuvuna sprusi katika misitu ya Washington na Oregon, na maelfu ya askari walipewa misumeno na shoka badala ya bunduki, kwa kuwa viwanda vya ndege vya nchi rafiki vilikuwa vikiilia sprusi. Tangu wakati huo wahandisi hawajaacha kuuliza swali mnaloniuliza ninyi. Wilbur na Orville Wright, kwa ndege yao ya mwaka 1903, tayari walikuwa wamechanganya miti: sprusi kwa sehemu zilizonyooka na ashi kwa sehemu zilizopinda. Hata ile ndege kubwa ya Howard Hughes, yenye mabawa ya mita 97 na nusu kutoka ncha hadi ncha, iliyoruka mara moja tu huko Long Beach tarehe 2 Novemba 1947 kisha isiruke tena, dunia nzima huiita bata bukini wa sprusi. Mnajua ilijengwa kwa mti gani? Sehemu kubwa ni betula, mti mwingine kabisa. Jina la sprusi lilitokana na kejeli ya watu, na hadi leo limebaki kwenye vibao vya makumbusho. Nawaulizeni, kama jina linaweza kukosewa kwenye ndege mashuhuri kiasi hicho, litakosewa mara ngapi kwenye rundo la mbao la dukani kwetu?

Sasa tuingie kwenye miti mbadala yenyewe. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ina mwongozo wa ukarabati wa ndege uliotolewa mwaka 1998, na ndani yake mna jedwali ambalo kila mjenzi wa ndege ya mbao analijua. Jedwali hilo linaiweka sprusi kuwa kipimo, kisha linaipanga miti mingine pembeni yake. Firi ya Douglas inaizidi sprusi kwa nguvu, ila ni ngumu kufanyia kazi kwa vyombo vya mkono na ina tabia ya kupasuka. Mwerezi mweupe wa Port Orford nao unaizidi, tena ni laini chini ya randa, lakini gundi inaushika kwa shida usipokuwa mwangalifu. Hemloki ya magharibi inaizidi kidogo. Paini nyeupe ya kaskazini iko chini yake, kati ya asilimia 85 na 96, kwa hiyo haiwekwi mahali pa sprusi bila kuongeza vipimo. Popla ya njano inakaribia, lakini haipokei vizuri mshtuko wa ghafla.

Vijana wengi wakisoma jedwali hilo hukimbilia firi ya Douglas, kwa sababu wameona neno "inazidi". Hapo ndipo naomba tukae kidogo.

Chukueni mhimili mmoja wa bawa wenye urefu wa mita 4, kimo cha sentimita 15 na unene wa sentimita 2.5. Kwa sprusi mhimili huo una kilo 6.5 hivi. Kwa firi ya Douglas, yenye kilo 545 hivi kwa mita ya ujazo, mhimili huo huo una kilo 8.2. Mtu atasema tofauti ni kilo 1.7 tu, ni sawa na mchele wa chakula cha mchana cha nyumba yenye wageni. Haya, zidisheni. Kama ndege yako nzima ina kilo 50 za sprusi, ukizigeuza zote kuwa firi ya Douglas kwa vipimo vile vile utapata kilo 63. Hizo kilo 13 zilizoongezeka ni sawa na petroli ya lita 18. Kwenye ndege ndogo yenye injini ndogo, lita 18 ni zaidi ya saa nzima hewani. Umenunua nguvu ambayo mchoraji wa ndege hakuiomba, na umeilipia kwa mafuta.

"Basi," kijana mmoja aliniambia karakanani, "nitapunguza vipimo." Aliona amepata dawa. Nikamwuliza, utapunguza wapi? Ukipunguza kimo cha mhimili kutoka sentimita 15 hadi 14, nguvu ya kuvunjika inashuka kwa mraba wa kimo, na ukakamavu unashuka kwa mchemraba. Ukakamavu peke yake unapungua kwa karibu asilimia 19, kwa kukata sentimita moja tu. Firi ya Douglas ina ukakamavu wa ziada wa kufidia hilo, karibu robo zaidi ya sprusi. Lakini mbavu za bawa zilichorwa zikae kwenye mhimili wa sentimita 15, vyuma vya kushikia vilitobolewa kwa kimo hicho, na sasa kila kitu kinataka kuchorwa upya. Ukipunguza unene badala ya kimo, mhimili mwembamba huanza kujikunja pembeni kabla haujavunjika. Kupunguza vipimo kunawezekana, na jedwali lenyewe linaruhusu, ila kwa sharti kwamba upunguzaji uthibitishwe kwa hesabu. Huo ni uhandisi, na anayestahili kuufanya ni yule aliyechora ndege au mtu anayejua kazi ya mchoraji huyo.

Na upande wa pili je, wa mti mwepesi? Paini nyeupe ina nguvu ya megapaskali 59 hivi. Ili ifikie 70 za sprusi lazima uongeze unene kwa karibu asilimia 19, na ukishaongeza, uzito unarudi pale pale ulipokuwa na sprusi au unauzidi kidogo. Ulichookoa sokoni kimeliwa na randa na gundi. Simaanishi kwamba paini nyeupe ni mbaya. Wapo waliojenga nayo, na ndege zao zinaruka, lakini walikokotoa kwanza.

Nimezungumzia miti ya mbali kwa muda mrefu. Tuje nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata mbao mbili za podo kutoka kwa mtu aliyekuwa akibomoa nyumba ya zamani huko milimani. Nawakumbusha kwamba podo ya msitu wa asili haikatwi bila kibali, na ukiuziwa bila karatasi usinunue. Mbao hizi zilikuwa na karatasi na zilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Podo ina rangi ya siagi, nyuzi zake zimenyooka, umbile lake ni moja kutoka upande huu hadi ule, na uzito wake ni kama kilo 500 kwa mita ya ujazo. Ukiisukumia randa, inatoa maranda marefu yanayojikunja kama utepe. Nilifurahi. Nikasema nimepata sprusi ya Usambara.

Nilichana vijiti viwili, kimoja kutoka kila ubao, nikaviwekea uzito katikati hadi vivunjike. Cha kwanza kililalamika kwa muda mrefu, kikapasuka vipande virefu vyenye manyoya, kama muwa unaovunjwa gotini. Hivyo ndivyo mbao nzuri inavyovunjika. Cha pili hakikulalamika. Kilikatika ghafla, pau, kama muhogo mkavu, na sehemu iliyokatika ilikuwa bapa. Mbao zote mbili ni podo, na zimetoka paa moja. Kwa nini?

Nilichukua mabaki ya ubao wa pili, nikayapiga randa hadi yang'ae, nikafunga madirisha, nikalaza tochi ubavuni ili mwanga upite kwa mlazo. Hapo nikaviona: vikunjo vyembamba mno, vimekatiza nyuzi, vimesambaa kama mistari ya kiganja. Mti ule, enzi za uhai wake, ulipindwa na upepo mkali au uliangushwa juu ya gogo, na nyuzi za upande mmoja zikafinyangika. Mbao ilionekana nzima, ilikauka ikiwa nzima, ikabeba bati la nyumba kwa miaka mingi. Bawani ingeua mtu. Na kwa macho ya kawaida, kwenye mwanga wa mchana, nisingeviona kamwe. Je, wangapi hapa wana tochi kwenye sanduku la randa na patasi? Naona mikono mitatu.

Kisa hicho ndicho kilichonifundisha kuacha kuuliza jina. Sasa nikishika ubao nauliza nyuzi zake zinaelekea wapi. Kanuni ni 1 kwa 15: kila sentimita 15 za urefu, uzi usitoke pembeni zaidi ya sentimita 1. Ukifika 1 kwa 10, nguvu ya kuvunjika imeshuka hadi kama asilimia 81 ya ile ya nyuzi zilizonyooka. Ukifika 1 kwa 5, imebaki asilimia 55. Jicho hudanganywa na michirizi ya rangi, kwa hiyo dondosha tone la wino usoni mwa ubao uone linakokimbilia, au, bora zaidi, pasua kipande cha mwisho kwa kishoka, kwa sababu mbao ikipasuka hufuata nyuzi zake yenyewe na haimwogopi mtu.

Kuna kanuni nyingine ya vitabu vya Wamarekani ambayo huku inatupotosha. Wao huhesabu pete za mwaka kwenye kichwa cha ubao, na kwa sprusi hudai zisipungue 6 kwa inchi. Kule kuna majira ya baridi, mti unalala, kila mwaka unaacha pete. Kwetu mti haulali. Mvua za masika na za vuli zinaweza kuuachia pete mbili kwa mwaka mmoja, na podo inaweza isikuonyeshe pete yoyote ya kuhesabika. Ukimwuliza podo umri wake kwa kitabu cha Oregon hatakujibu. Kwa hiyo sisi tupime uzito. Kata kipande chenye pembe mraba, kipime kwa rula na kwa mizani ya duka la dawa, ugawe uzito kwa ujazo. Kama hujui unyevu wake, kipime, kiweke ndani ya oveni kwa nyuzijoto 103 hadi uzito uache kushuka, ukipime tena. Kipande kilichokuwa gramu 56 kikawa gramu 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12, na hapo uko pazuri.

Paini za mashamba, kama zile za Sao Hill, Mufindi, na saipresi za nyanda za juu, ndizo mbao tunazozipata kwa urahisi, na ndizo ninazoulizwa zaidi. Tatizo lake kubwa ni utoto wa mti. Mti wa shamba hukua haraka na huvunwa ungali kijana, na mbao iliyo karibu na kiini cha mti kijana ni nyepesi, dhaifu, haina ukakamavu, na ikikauka husinyaa kwa urefu, jambo ambalo mbao komavu haifanyi kwa kiasi cha kuonekana. Ukiona ubao wa inchi 1 kwa 8 una kiini katikati, upeleke kwenye kenchi ya paa. Unaoutaka wewe umetoka sehemu ya chini ya shina nene, mbali na kiini, na kwenye rundo la mbao mia unaweza kupata minne. Mwenye duka atachoka nawe. Mimi huwa nanunua soda kwanza.

Na ile minne nayo itakuwa na mafundo. Hapo usikate tamaa, kwa sababu hakuna sheria inayosema mhimili lazima utoke kwenye ubao mmoja. Chana ubao uwe vipande vyembamba, kata mafundo yatoke, unga vipande kwa mlazo wa 1 kwa 12, kisha vibandike tabaka juu ya tabaka, ukihakikisha viungo vya tabaka moja haviko mahali pamoja na vya tabaka la jirani. Ni kazi ya siku nyingi na gundi nyingi. Lakini mhimili wa matabaka unakuruhusu kuona ndani ya kila kipande kabla hakijafichwa, na mimi, nikilazimishwa kuchagua kati ya mbao zetu, ningechagua njia hiyo kuliko kutafuta ubao mmoja mzima wa mita 4 na kuuamini.

Nimetaja gundi. Tarehe 31 Machi 1931, huko Kansas, Marekani, ndege ya abiria aina ya Fokker F-10 ilipoteza bawa hewani, na watu wote wanane waliokuwamo walikufa, akiwamo kocha maarufu wa mpira wa kule, Knute Rockne. Bawa lilikuwa la mbao, limefunikwa na plaiwudi. Unyevu ulikuwa umeingia ndani, gundi ya viungo ikalegea, na hakuna fundi aliyeweza kuona, kwa sababu ili uone ndani ulipaswa kubandua plaiwudi. Mbao zenyewe hazikuwa na kesi ya kujibu.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Waaustralia walikuwa wakijenga ndege za Mosquito nchini kwao. Ndege hiyo Waingereza waliibuni kwa plaiwudi ya betula iliyobandikwa pande mbili za balsa ya Ekuador, na sprusi mahali panapohitaji nguvu. Waaustralia walitumia plaiwudi ya mti wa kwao, coachwood, na mti huo ulifaa. Kilichowasumbua ni viungo: ndege moja ilianguka mwaka 1944, uchunguzi ukakuta mianya mahali pa gundi ndani ya bawa, na mabawa mengine yakalazimika kurekebishwa. Mnaona? Mti mbadala ulishinda mtihani, kibano kikashindwa.

Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, jambo hili lina uzito wa pekee. Gundi ya unga ya yurea, ambayo wengi wenu mnaitumia kwenye makabati, huoza haraka kwenye joto na unyevu, na mwongozo ule wa FAA unasema ihesabiwe kuwa imepitwa na wakati kwa ukarabati wa ndege. Epoksi nayo hulainika ikipata joto kali, ndiyo maana ndege ya mbao iliyobandikwa kwa epoksi hupakwa rangi nyeupe na si nyeusi, hata kama kijana anaona nyeusi inampendeza. Na kila mti una tabia yake kwa gundi. Mtiki una mafuta, huikataa gundi usipoupangusa na kuubandika mara tu baada ya kuupiga randa. Kwa hiyo kabla ya kujenga, bandika vipande viwili, viache vikauke kwa siku zote zilizoandikwa kwenye kopo, kisha vitenganishe kwa patasi na nyundo. Ikichanika mbao, endelea. Ikiachia gundi, na vipande vikatoka visafi kama sahani zilizooshwa, usiendelee, hata kama ubao huo umeusafirisha kutoka Alaska.

Kuhusu sehemu nyingine za ndege nitapita haraka. Vipande vidogo vinavyokaa chini ya vyuma, mahali bolti zinapobana, vinataka mbao nzito isiyobonyea, na hapo mkangazi wetu ni wa kufaa. Mbavu zinabeba mzigo mdogo, kwa hiyo ndizo sehemu ya kuanzia kujaribu mbao za nyumbani. Plaiwudi nyepesi ya okume inatoka kwa mti wa Afrika, mti wa Gabon na jirani zake, na Wafaransa wamejengea ndege zao ndogo kwa miaka mingi. Plaiwudi ya kawaida ya dukani ichemsheni saa kadhaa kabla hamjaizungumzia mbele yangu.

Kabla sijamaliza, jambo la vibali. Mbao mbadala haibadilishwi kimya kimya. Mwandikie mchoraji wa ndege yako kwanza, umpe namba ulizopima. Wengine hujibu kwa furaha, kwani nao waliulizwa hivyo na watu wa nchi nyingine. Kisha ipelekee Mamlaka ya Usafiri wa Anga karatasi zako kabla gundi haijafunguliwa, kwa maana mkaguzi anayeona mhimili ukiwa wazi atakusaidia, na anayeletewa bawa lililokwisha kufunikwa hana la kufanya ila kulikataa.

Sasa tazameni meza ile iliyo karibu na mlango. Nimeweka magogo mawili kwa umbali wa mita 1 kamili, na juu yake mtaweka kijiti cha milimita 20 kwa 20. Ndoo ile na mchanga wake, pamoja na kamba, ina kilo 10. Ukiining'iniza katikati, kijiti cha sprusi kitashuka karibu milimita 14. Cha firi ya Douglas kitashuka kama 11. Ukiona kijiti kimeshuka milimita 20, ukakamavu wake ni kama asilimia 70 ya sprusi. Pimeni kimo cha kijiti kwa makini kwanza, kwa sababu mkikosea milimita 1 hapo, jibu lenu litakosea kwa zaidi ya asilimia 15. Vijiti viko kumi na viwili. Nimeviandika namba tu, sikuandika majina ya miti. Kuna podo, saipresi, paini mbili za shamba moja, mvule, na kuna sprusi moja ambayo rafiki yangu alinibebea ndani ya mzigo wake wa ndege. Namba 4 na namba 9 zimetoka kwenye ubao mmoja, na mimi mwenyewe jana usiku zilinishangaza. Vijana wa nyuma waanze, maana wamesimama muda mrefu.